Pale Roxholm walikufa vijana wawili

Swali: Shikamoo Kapteni. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20 na ameanza mafunzo ya urubani. Siku wazazi walipoalikwa, mkufunzi wao mmoja alisoma shairi la rubani wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani aitwaye John Gillespie Magee, linalosifu raha ya kuruka juu ya mawingu. Watu walipiga makofi. Kisha mkufunzi akasema kijana yule alikufa akiwa na miaka 19, akiwa mazoezini, wala hakuuawa na adui. Mama alinyamaza njia nzima mpaka nyumbani. Sasa kila jioni ananiuliza: ilikuwaje? Nani alikosea? Mtu anakufaje mazoezini wakati vita vyenyewe viko kwingine? Anataka mdogo wangu aache. Nisaidie nimjibu kwa ukweli.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kunyamaza kwa mama yako nakuelewa. Nimefundisha urubani miaka mingi kabla ya kustaafu, na wazazi wengi wamenijia na swali hilohilo wakiwa wamelivika nguo nyingine: "Kapteni, hali ya hewa leo ikoje?" Wewe umeliuliza wazi. Ajali ya kijana huyo naijua vizuri kwa sababu nilikuwa nawapa wanafunzi wangu waichambue kabla sijawaachia kuruka peke yao siku yenye mawingu. Nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wao, ila kwako nitakwenda taratibu zaidi.

Kwanza kuna pengo katika mlivyosimuliwa. Asubuhi ile hakufa kijana mmoja. Walikufa wawili, na kila mmoja alikuwa na miaka 19. Wa pili aliitwa Ernest Aubrey Griffin, mwanafunzi wa urubani, peke yake ndani ya ndege ya mafunzo. Hakuacha shairi, ndiyo maana jina lake halisomwi kwenye sherehe. Lakini ajali hii huwezi kuielewa kwa kumtazama Magee tu. Magari mawili yakigongana njiani, nani ataridhika na habari za dereva mmoja?

Magee alizaliwa Shanghai, China, Juni 1922. Baba yake alikuwa Mmarekani, kasisi mmisionari wa Kanisa la Kiepiskopali; mama yake alikuwa Mwingereza. Mtoto alipelekwa kusoma Uingereza, baba akaendelea na kazi China. Desemba 1937 jeshi la Japani lilipoingia Nanjing na kuanza mauaji, baba huyo alikuwa mjini. Alisaidia kuwahifadhi wakimbizi, na kwa kamera yake ndogo ya sinema akapiga picha za majeruhi na maiti kwa kujificha, picha ambazo hadi leo ni miongoni mwa ushahidi mkubwa wa yale yaliyotendeka. Baada ya vita alisimama mbele ya mahakama ya Tokyo, iliyowahukumu viongozi wa Japani kwa uhalifu wa vita, kutoa ushahidi. Nimelitaja hili kwa sababu mama yako anaweza kudhani kijana yule alikwenda vitani kwa ujana na kutojua. Katika familia ile vita havikuwa habari za gazetini.

Mwaka 1939 kijana alikwenda Marekani kutembelea ndugu, vita vikaanza akiwa huko, akashindwa kurudi shuleni Uingereza. Akamalizia masomo Connecticut, akapata nafasi Chuo Kikuu cha Yale. Hakwenda. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, kwa hiyo Oktoba 1940 akavuka mpaka na kujiunga na Jeshi la Anga la Kanada, kama walivyofanya Wamarekani wengine maelfu.

Hapa ndipo mama yako anatakiwa atege sikio, maana jibu la "anakufaje mazoezini" linaanzia kwenye kalenda. Kanada ilikuwa imegeuzwa shamba la kulea marubani. Mpango uliotiwa saini Desemba 1939 kati ya Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand ulitoa zaidi ya wanahewa 131,000 kabla ya vita kwisha: marubani, waongoza njia, wapiga mabomu, watu wa redio na wapiga bunduki. Magee aliingia Oktoba. Juni 1941 akavishwa mabawa ya urubani kifuani. Miezi minane. Ndani ya miezi hiyo kijana ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege anafundishwa kuruka, kupinduka, kusoma ramani akiwa angani, kuruka usiku, kuruka kwa kutazama vipimo vya ndani ya ndege tu bila kuona nje. Mdogo wako, katika amani na kwa ndege ya polepole, atakaa muda mrefu kuliko huo kabla hajaruhusiwa kubeba abiria mmoja wa kulipa.

Kutoka Kanada akapelekwa Llandow, kusini mwa Wales, kwenye kituo cha kuwazoesha marubani ndege za vita zenyewe. Ndege aliyopewa ni Spitfire. Watu wanaipenda Spitfire kwa umbo lake, na kweli ni nzuri, lakini fikiria jambo hili: ilikuwa na kiti kimoja. Hakukuwa na kiti cha mwalimu. Ulisoma kitabu chake, ukakaa ndani, mkufunzi akapanda juu ya bawa na kuinama akuonyeshe hiki ni nini na kile ni nini, kisha akashuka. Mara ya kwanza ulipoirusha ulikuwa peke yako. Na ilikuwa na pua ndefu kiasi kwamba ikiwa chini, rubani haoni mbele kabisa. Hulazimika kwenda huku anayumba kulia na kushoto, kama mtu anayechungulia kando ya gunia alilobeba kifuani.

Katika wiki hizo ndipo alipopanda mpaka futi 30,000, zaidi ya mita 9,000, akipumua kwa barakoa ya oksijeni kwenye chumba kisichozuia baridi. Shairi lilianzia huko juu. Mapema Septemba 1941 alilituma kwa wazazi wake, nyuma ya barua. Lina mistari 14 tu. Mkufunzi aliyelisoma mbele yenu hakukosea kulipenda. Mimi pia nalipenda, na nawajua watu wazima waliolia kwalo. Ila lilizaliwa mahali ambapo rubani yuko peke yake, anga ni yake, hakuna wa kumgonga. Ajali ilitokea futi 1,400, mahali ambapo anga ni ya watu wengi.

Kabla sijafika huko, kuna jambo jingine dogo ambalo mama anaweza kulidhania. Si kweli kwamba kijana huyu hakuviona vita. Baada ya Llandow alipangiwa kikosi namba 412 cha Kanada, mkoa wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kwanza Digby na baadaye Wellingore, kiwanja kidogo jirani. Tarehe 8 Novemba 1941 kikosi kilitumwa kusindikiza ndege za mabomu kuelekea Lille, Ufaransa. Walipovuka pwani karibu na Dunkirk walipigwa na mizinga ya chini, kisha ndege za Wajerumani zikawashukia. Katika kundi lake la ndege nne, aliyerudi ni Magee peke yake. Alifyatua risasi 160 na hakudai kuangusha yeyote. Jioni ile, kwenye meza ya chakula, kundi lake lilikuwa na viti vitatu vitupu, naye alikuwa na miaka 19.

Mwezi mmoja na siku tatu baadaye ndipo ilipofika tarehe 11 Desemba. Bandari ya Marekani ya Pearl Harbor ilikuwa imeshambuliwa na Japani siku nne nyuma, na siku hiyohiyo ya tarehe 11 Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Marekani. Vita alivyovifuata kwa kuvuka mpaka vilikuwa vimeifikia nchi yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo Spitfire za kikosi 412 ziliruka kutoka Wellingore kwa mazoezi. Mawingu yalikuwa yametanda chini, kama ilivyo kawaida ya Lincolnshire wakati wa baridi. Walipomaliza na kutaka kurudi, walikuwa juu ya mawingu na kiwanja kilikuwa chini yake. Wakaona upenyo. Magee akashuka kupitia upenyo huo kwa kasi kubwa, pamoja na ndege nyingine tatu. Ilikuwa yapata saa tano na nusu asubuhi. Chini tu ya mawingu, kwenye futi 1,400, yaani mita 430 hivi kutoka ardhini, juu ya kitongoji kiitwacho Roxholm, ilikuwapo ndege ya Griffin. Ilikuwa Oxford, ndege ya injini mbili iliyotengenezwa sehemu kubwa kwa mbao, iliyotumika kuwafundisha marubani wa ndege kubwa. Alikuwa ametoka Cranwell, chuo cha jeshi la anga. Ukitazama ramani utaona kwamba Roxholm iko katikati ya Cranwell na Digby, na Wellingore haiko mbali. Viwanja vitatu ndani ya eneo ambalo mtu mwenye baiskeli angelizunguka asubuhi moja, kila kimoja kikirusha vijana.

Ndege zikagongana. Griffin alikufa. Mkulima mmoja aliyekuwa chini aliwaambia wachunguzi kwamba alimwona rubani wa Spitfire akihangaika kusukuma nyuma kifuniko cha kioo cha chumba chake. Akafaulu, akasimama, akaruka. Lakini ardhi ilikuwa karibu mno. Parachuti haikupata nafasi ya kufunguka.

Najua mama yako atauliza: kwa nini kifuniko kilimchelewesha? Kwenye Spitfire za wakati ule kifuniko kilifunguliwa kwa kukiteleza nyuma kwenye reli zake. Ndege ikienda kwa kasi, hewa inakigandamiza, na marubani wengi walilalamika kwamba ni kigumu mno kufungua. Tufanye hesabu pamoja. Kitu kikiachiwa kutoka mita 430 hufika chini kwa sekunde tisa hivi, na ndege iliyokuwa tayari inashuka hufika mapema zaidi. Katika muda huo rubani alitakiwa atambue kwamba ndege imekufa, afungue mikanda, asukume kioo, asimame dhidi ya upepo, aruke mbali na mkia, avute mshikio wa parachuti, na parachuti nayo ijae hewa. Kwamba aliwahi hata kuruka nje, mimi huona ni ushahidi wa kijana aliyefundishwa vizuri na ambaye hakukata tamaa. Mwambie mama hivyo. Hakufa akiwa amekaa.

Sasa, kwa nini hawakuonana? Kwenye jambo hili nilikuwa nakaa na wanafunzi wangu saa nzima, na wewe nivumilie kidogo.

Tukadirie kwamba Spitfire inayoshuka kwa kasi inakwenda kilomita 480 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 130 kila sekunde. Rubani anapotokeza chini ya wingu, kama kuna ndege mita 400 mbele yake, ana sekunde tatu. Sisi wakufunzi huwafundisha wanafunzi kwamba tangu jicho linapogusa kitu mpaka ndege igeuke kweli, zinahitajika karibu sekunde 12: kuona, kutambua kwamba ni ndege, kujua kwamba inakuja kwako, kuamua uende upande gani, mkono kusogea, ndege kuitikia. Tatu haziwezi kuwa kumi na mbili, hata uwe na macho ya kipanga.

Tena, ndege zinaposhuka kwa kundi, rubani asiye kiongozi hatazami mbele. Macho yake yako kwenye ndege ya kiongozi, kwa sababu akimpoteza au akimkaribia mno ataua. Kiongozi ndiye anayeona kwa niaba ya wote. Na Griffin naye, ndani ya Oxford, juu ya kichwa chake kulikuwa na paa la ndege, na juu ya paa kulikuwa na wingu. Kilichokuja kilitoka mahali ambapo hakuna binadamu angeweza kuona.

Hata bila wingu, jicho hudanganya. Ndege inayokuja kukugonga haisogei kwenye kioo chako. Ile itakayopita mbali utaiona inateleza kulia au kushoto. Ile yenye hatari inakaa palepale kama doa, halafu ghafla inajaa kioo kizima. Nami yalinikuta. Ilikuwa masika, tunatoka Tanga kurudi Dar es Salaam, mimi na mwanafunzi, mawingu yametulazimisha kukaa futi 2,000 tukifuata pwani. Tulipofika usawa wa Saadani kijana akaniambia, "Kapteni, kuna uchafu kwenye kioo." Nikatazama. Doa dogo jeusi, limetulia tuli. Nilishika usukani bila kumjibu nikageuza kulia kwa nguvu, na ndege ikapita kushoto kwetu, karibu kiasi kwamba niliona rangi ya mkia wake. Aliyekuwa ndani sidhani kama alituona. Tulipotua mwanafunzi wangu alikaa chini ya bawa kwa muda mrefu, nami nikakaa naye. Ana nywele nyeupe sasa na bado anaruka.

Kwa hiyo nani alikosea? Mama yako anataka jina, na kwa moyo wa mzazi ni haki yake kulitaka. Mimi nimelitafuta jina hilo miaka mingi na siwaoni Magee wala Griffin. Griffin alikuwa chini ya mawingu, akiiona ardhi, mahali ambapo mwanafunzi anatakiwa awe. Magee alikuwa akishuka na kundi kwa njia ambayo kila kikosi cha ndege za kivita kilitumia siku kama hiyo: ukiona tundu, unapita upesi kabla halijaziba, maana ukichelewa utabaki juu ya mawingu na mafuta yanakwisha. Kosa naliona mahali pengine. Anga ileile ndogo ilikuwa imepewa wanafunzi wa ndege za polepole na vijana wa ndege za kasi, bila mtu mmoja aliyekuwa akizitazama zote mbili kwa pamoja. Rada ya Uingereza iliyosifiwa sana ilijengwa ili kumwona adui anayekuja kutoka baharini. Haikuwa kazi yake kumwambia rubani wa Wellingore kwamba kuna Oxford ya Cranwell chini ya wingu lile. Na ndani ya ndege hakukuwa na chombo cha kuzitambua ndege nyingine. Waliopanga viwanja hivyo karibukaribu walikuwa wanajua hesabu itakuja. Waliikubali, kwa sababu ya vita.

Hesabu ilikuwa kubwa. Katika mpango ule wa Kanada peke yake, wanafunzi 856 walikufa kabla hawajamaliza kozi. Kikosi kikuu cha Uingereza cha ndege za mabomu kilipoteza zaidi ya watu 5,000 katika ajali za mafunzo. Jeshi la anga la Marekani lilizika karibu watu 15,000 waliokufa kwa ajali za ndege ndani ya Marekani kwenyewe, ambako hapakuwa na hata ndege moja ya Wajerumani angani. Kwa hiyo mama yako anapouliza mtu anakufaje mazoezini wakati vita viko kwingine, mwambie havikuwa kwingine. Ndege nyingi walizopewa wanafunzi zilikuwa zimeshachakaa kwa kazi ya mapigano. Wakufunzi wengi walikuwa marubani waliotolewa mstari wa mbele wapumzike, wamechoka, na wengine hawakuwahi kufundishwa kufundisha. Hali ya hewa ikiwa mbaya, leo tunafunga milango na kunywa chai. Wakati ule kulikuwa na tarehe ya kumaliza kozi na vikosi vilivyokuwa vikisubiri watu wa kujaza nafasi za waliokufa.

Na usidhani mambo haya yalikuwa Ulaya tu. Kuanzia 1941 kituo cha namna ileile ya Llandow, namba 70, kilikuwa Nakuru, Kenya, kikiwazoesha wanahewa ndege za mabomu aina ya Blenheim kabla ya kupelekwa kupigana Afrika Kaskazini na kwingineko. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Rubani yeyote wa kwetu anajua maana yake: hewa ni nyepesi, injini haitoi nguvu yote, ndege inataka njia ndefu zaidi ya kurukia, na Blenheim yenye injini mbili ikipoteza moja mara tu baada ya kuacha ardhi, kijana ana sekunde chache sana za kufikiri. Ukiongeza kuta za Bonde la Ufa pande zote mbili na ukungu wa asubuhi, utaelewa kwamba mazoezi ya Nakuru yalikuwa mtihani kabla ya mtihani. Ninapopita barabara ile kwenda Eldoret huwa natazama anga ya ziwani na kuwawaza.

Shairi lenyewe lilisafiri kuliko mwandishi wake. Baba yake, ambaye wakati huo alikuwa akihudumu kanisani Washington, alilichapisha katika karatasi za kanisa. Kijana alipokufa magazeti yakalichukua, na mapema 1942 Maktaba ya Kongresi ikaliweka kwenye maonyesho. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga Challenger kilipolipuka na watu saba, Rais Reagan wa Marekani aliwaaga kwa maneno yaliyotoka humo. Ndiyo maana mkufunzi wa mdogo wako analijua kwa moyo. Marubani wengi tunalijua.

Ila nina neno kwa mkufunzi yule, na sina nia ya kumshushia heshima. Ukilisoma shairi hilo mbele ya wazazi, soma na ajali yake. Eleza futi 1,400. Taja na Griffin. Mzazi aliyeletewa uzuri bila maelezo anabaki na hofu tupu, na hofu tupu ndiyo inayomkaa mama yako kooni kila jioni.

Sasa kuhusu mdogo wako. Sitamwambia mama kwamba urubani hauna hatari, atajua namdanganya. Nitamwambia kwamba mambo yaliyowaua vijana wale wawili yana majina, na kila moja limewekewa kizuizi. Leo, katika sehemu kubwa ya anga, rubani anayeruka kwa kutazama nje haruhusiwi kujibanza chini ya wingu. Anatakiwa aache futi 1,000 kati yake na wingu juu au chini, mita 1,500 pembeni, na aweze kuona mbele angalau kilomita tano. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya sekunde zile 12. Chini ya futi 10,000 kuna kikomo cha kasi, noti 250, yaani kilomita 460 hivi kwa saa, ili mwenye ndege ya kasi na mwenye ndege ya polepole wapate muda wa kuonana. Ndege nyingi zinabeba kifaa kinachojibu rada na kumwonyesha mwongoza ndege kila moja iko wapi na kwenye kimo gani. Ndege kubwa zina chombo kinachopiga kelele chenyewe na kumwamuru rubani apande au ashuke. Mwanafunzi hutangaza kwenye redio yuko wapi, anakwenda wapi, futi ngapi. Na mkufunzi mwenye akili timamu akiona mawingu yameshuka, anafuta safari, mwanafunzi ananuna, maisha yanaendelea.

Ukimwambia mama haya yote kwa mdomo wako hatatulia, maana wewe siye utakayeruka. Fanya hivi. Mdogo wako akija nyumbani Jumapili, mkae watatu. Mpe karatasi achore kiwanja anachojifunzia, achore na njia ambazo ndege nyingine hupita kuingia na kutoka. Kisha mama mwenyewe amuulize: siku mawingu yakiwa futi 1,500, wewe unakuwa wapi, na nani mwingine anakuwa hapo? Asimsaidie kujibu. Kijana akieleza bila kubabaika, akataja masafa ya redio, akaonyesha kwa kidole anatazama wapi kwanza na wapi baadaye, akasema siku kama hiyo anabaki chini, mama ataona kwa macho yake kwamba anafundishwa. Akibabaika, msigombane naye. Achukue karatasi ile kesho yake asubuhi ampelekee mkufunzi wake, na asiruke mpaka wameimaliza pamoja.

Mkiona vema, niandikie tena amejibu nini. Nisalimie mama sana.